Nafasi Ndani ya Maji ya Chumvi

Kirumba, Mwanza
26 Aprili 2025

Justa ndugu yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko unaitikia salamu hiyo kutwa nzima, lakini hii inatoka kwa mtoto wa kanisa la Kiprotestanti la AIC, wa Kisesa, kwa hiyo naomba uipokee kwa heshima ya pekee. Sista wa mapokezi alinieleza kwenye simu kwamba wanovisi, ninyi ambao hamjaweka nadhiri, mnagawiwa barua Jumapili ya kwanza ya mwezi tu. Nikamuuliza, na ikiwa ya haraka je? Akanijibu kwa upole kwamba huko kwenu hakuna haraka. Basi nimeamua kuandika mapema.

Shuleni tulifundishwa kwamba dhumuni la barua ni kujuliana hali. Hali yako nitaiuliza mwishoni. Nakuandikia kwa sababu nimeona kitu, na hapa mjini sina mtu wa kumwambia ambaye hatanishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Unalikumbuka swali letu, lile tuliloanza nalo pamoja maabara. Tangu uingie monasteri, miaka miwili sasa, nimeendelea nalo peke yangu: ukiweka amini, jamii ile ya kemikali inayompa samaki harufu yake, ndani ya maji yenye chumvi, inachukua nafasi kiasi gani? Mama aliponiuliza nasomea nini hasa, nilimwambia napima nafasi. Amewatangazia Kisesa nzima kwamba mimi ni mpima viwanja. Wazee wawili wameshaniletea ugomvi wa mipaka, na mmoja alikuja na kuku.

Wewe unajua. Unajua kwamba kikombe cha maji ukikichanganya na kikombe cha butilamini, mojawapo ya amini hizo, hupati vikombe viwili, unapata pungufu. Siku ya kwanza tulipoiona ulikuwa umeshika chupa, ikapata moto mkononi mwako, na maji yakasimama chini ya alama. Ukaniuliza, "Imekwenda wapi?" Hakuna kilichomwagika. Uzito ulikuwa uleule. Molekuli zilikuwa zimeingia kwenye vyumba vilivyokuwamo ndani ya maji tangu mwanzo, vyumba ambavyo hakuna jicho lililowahi kuviona, na maji yakafunga mlango nyuma yao. Mimi tangu siku hiyo siwezi kunywa glasi ya maji bila kuitazama kwanza, na watu hotelini hudhani nakagua uchafu.

Sasa sikiliza. Mwezi huu nimepima kwenye maji ya chumvi, nikaanza na chumvi kidogo na kuongeza hatua kwa hatua. Vitabu vyote vinasema chumvi huyakaza maji. Kila ioni, chembe ya chumvi yenye chaji, inavuta maji yake na kuyakumbatia, kwa hiyo amini ikiingia humo tulitegemea ichukue nafasi kubwa zaidi kidogo. Justa, imekuwa kinyume. Kadiri ninavyoongeza chumvi, ndivyo amini inavyochukua nafasi ndogo. Nimerudia na kurudia. Mashine yetu, ule mrija wa kioo unaotetemeka kutuambia uzito wa kilichomo, haijakohoa hata mara moja. Maji yaliyokwisha kujaa yanapokea mgeni vizuri kuliko maji matupu.

Nilikaa chini sakafuni, na sisemi kwa mfano. Dk. Nkwabi, msimamizi wangu, alinikuta hapo akaniuliza kama nimekula.

Wewe je, wanakulisha? Mwombe mlezi wako akuruhusu kujibu.

Odeta


Monasteri, Kagera
4 Mei 2025

Odeta mpendwa,

Milele amina. Nimepewa barua yako baada ya misa, na mlezi wetu alikuwa ameshaisoma, kama ilivyo desturi. Alinikabidhi akaniambia hajaelewa chochote, ila amempenda huyo mzee wa kuku.

Wananilisha. Ndizi, maharage, na kahawa ambayo wewe usingeweza kuilipia Mwanza. Tunaamka kabla ya jogoo, tunasali, tunafanya kazi kimya, tunasali tena. Zamu yangu mwezi huu ni kuanika kahawa na kuigeuza kwa reki ya mbao. Niliisoma barua yako mara ya kwanza nikiwa nimesimama pale uani, nikaikunja. Mara ya pili niliingia nayo stoo. Nilipofika kwenye maneno yako kwamba maji yaliyokwisha kujaa yanapokea mgeni vizuri kuliko maji matupu, nilijikuta nimepiga magoti katikati ya magunia, huku natetemeka. Kwa bahati nzuri hakuna aliyeingia.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu Krismasi sala zangu zimekauka. Ninasema maneno, yanatoka, hayaendi popote. Nakaa kanisani pamoja na wenzangu nao wanang'aa nyuso, na mimi nawaza kama nimefunga dirisha la bweni. Mwezi wa tisa natakiwa kuweka nadhiri zangu za kwanza, na nimekuwa naogopa kwamba nitaziweka kwa mdomo tu. Halafu barua yako ikaja na kitu kikafunguka. Huo ni ujazo, Odeta. Ni namba kwenye mashine. Kwa nini nilitetemeka?

Sasa maswali, maana ungenidharau nisipouliza. Joto ulilishikilia sawasawa? Chumvi uliikausha kwanza? Na ile miyeyusho, maji uliyokwisha kuyatia chumvi na amini, unatengeneza mipya kila unaporudia, au unatumia ileile uliyoihifadhi? Butilamini ina tabia ya kutoroka, unakumbuka tulivyokimbizana nayo.

Usinicheke. Niandikie tena.

Justa


Kirumba, Mwanza
19 Mei 2025

Justa,

Joto nimelishikilia, chumvi nimeikausha, na miyeyusho ni ileile niliyoitengeneza mwezi wa nne, iko kabatini kwenye chupa zake zenye vizibo vya kioo, imefunikwa vizuri. Umekaa miaka miwili unageuza kahawa na bado unataka kunifundisha kazi. Ninyi Wahaya hata mkifungiwa hamponi.

Dk. Nkwabi ameviona vipimo vyote. Unamjua, mtu ambaye akipewa zawadi ya harusi huipima kwanza. Alikaa nazo hizo karatasi mpaka chai yake ikaganda utando, kisha akavua miwani akasema hajawahi kuona mstari wa grafu ulioteremka namna hiyo. Anataka niueleze kwenye mkutano wa wanakemia wote Arusha, mwezi wa tisa. Ameshatuma jina langu. Jioni nilishuka hadi ziwani nikasimama kuyatazama yale maji yote, mpaka upeo wa macho, nikafikiria vyumba vilivyomo ndani yake. Nilijisikia mdogo, nikafurahi kuwa mdogo.

Na sasa nitasema, mlezi wako asome tu, sijali. Ulipoondoka nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaisha. Tulianza wawili. Ulipanga begi wiki moja, ukaniachia mashine, funguo na nusu ya swali. Nilijaribu kukuelewa nikashindwa. Mungu aliyejenga vyumba ndani ya maji anataka nini kwa msichana wa kugeuza kahawa? Angekuwa anakutaka, si angekuacha hapa ambapo unaiona kazi yake kwa macho? Umesema mwenyewe kwamba sala zimekauka na kwamba namba imekufungua. Basi si umejibiwa.

Rudi, Justa. Hujaweka nadhiri bado, hakuna unachovunja. Nafasi ya utafiti ipo, nimemuuliza Dk. Nkwabi. Chumba changu Kirumba kinatutosha wawili.

Odeta


Monasteri, Kagera
1 Juni 2025

Odeta,

Mlezi aliisoma, akanipa na kuniwekea mkono begani.

Nilikaa na barua yako tangu asubuhi mpaka masifu ya jioni. Nilitaka kukukasirikia nikakosa nguvu. Kila nikijitahidi kusali, namwona yule molekuli mdogo anaingia ndani ya maji yaliyojaa, anakaribishwa, na mwili unanisisimka. Nikisoma zaburi hakuna kitu. Nimejiuliza kama ni haki kumpa Mungu mdomo wakati macho yangu yako Mwanza.

Nimekwenda kwa Mama Mkuu Wilhelmina. Nilitegemea machozi au mahubiri. Alinisikiliza huku anachambua mchicha, akaniuliza kama nina hakika na nilichokiona, nikamwambia nina hakika, kipo kwenye vipimo. Akasema basi nisubiri mpaka sikukuu ya Moyo Mtakatifu ipite, ili nisiondoke kwa kukimbia, na tarehe 30 nitafunguliwa geti kwa baraka zake. Ametoa ruhusa barua zako nipewe siku zinapofika, kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa kuondoka.

Sina nguo. Nilikuja na gauni moja la buluu, na nilikuwa mnene wakati ule.

Ninaogopa sana, na ninafurahi. Niambie kwamba sikukosea.

Justa


Kirumba, Mwanza
7 Juni 2025

Justa wangu,

Hukukosea. Nimenunua kitanda cha pili, cha mninga, fundi ameniapia kitadumu kuliko sisi. Nimemwambia Dk. Nkwabi, akacheka kwa sauti hadi Mihayo, fundi wetu wa maabara, akaja kuangalia nani amepasua nini. Nguo nitakushonea. Mama anasema ukifika lazima tuende wote Kisesa, amwone mwanamke aliyetoka mikononi mwa masista kwa ajili ya kupima viwanja.

Sijalala vizuri tangu nipate barua yako, kwa furaha. Ukishuka tu kwenye meli nitakuwa nimesimama pale.

Odeta


Kirumba, Mwanza
16 Juni 2025

Justa,

Hatujambo. Mwezi ulikuwa mpevu, hivyo kule Mwaloni, soko la dagaa, kumetulia. Upepo wa ziwa ni mkali mwezi huu, uje na sweta. Maabara iko palepale. Kitanda kimeletwa. Nimebanwa na kazi kidogo, nitakuandikia.

Odeta


Kirumba, Mwanza
24 Juni 2025

Justa,

Natuma hii kwa basi, kwa mkono wa kondakta ninayemfahamu, ikufikie kabla ya tarehe 30. Isome ukiwa umekaa.

Namba zile si za kweli.

Nitakueleza ilivyokuwa. Unajua wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu hawaingii ziwani. Siku hizo vichanja vya Mwaloni vinakauka, hakuna dagaa anayeanikwa, na Kirumba inakaa siku chache bila harufu yake. Alhamisi ile ya tarehe 12 niliingia maabara asubuhi, nje hewa ni safi kabisa, na ndani kunanuka samaki.

Nilimgombeza Mihayo nikidhani ameficha chakula. Tukatafuta wote, kwenye droo, nyuma ya friji, mpaka chini ya sinki. Harufu ilitoka kabatini kwangu. Nikazishusha chupa za myeyusho moja moja. Kwenye shingo za zile zenye chumvi nyingi, chumvi ilikuwa imepanda na kukauka, ukoko mweupe mwembamba, na vizibo vilikuwa vimekaa juu yake bila kuziba. Amini ilikuwa inatoka tangu mwezi wa nne. Na chumvi yenyewe huisukuma amini itoke majini, tulisoma hilo mwaka wa pili, kwa hiyo chupa yenye chumvi nyingi zaidi ndiyo iliyopoteza zaidi. Amini haikuwa inajibana, Justa. Ilikuwa inapungua. Nilikuwa napima kitu ambacho kimeshaondoka, nikashangaa kwamba hakichukui nafasi.

Mtu wa Dodoma angeingia mlangoni akaziba pua siku ya kwanza. Sisi hapa tunaifua kwenye nguo, tunaisuka kwenye nywele, tunalala nayo. Kemikali yenye harufu ya samaki ikavuja miezi miwili karibu na soko la samaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza shingo. Wewe uliniuliza kuhusu miyeyusho, nami nikakujibu kwa utani wa Wahaya.

Na sasa lile baya zaidi. Nilipoandika uje na sweta, nilikuwa nimeshajua. Nilijiambia, ashuke kwanza kwenye meli, nitamwambia akiwa ameshalala kwenye kile kitanda, akiwa hana pa kurudi. Nilikutaka kiasi hicho. Nimeishi na jambo hilo tangu siku ile, na jana nilipokuwa namweleza Dk. Nkwabi aliniuliza ni nani mwingine anazijua namba hizi. Nikashindwa kutamka jina lako. Yeye ameondoa jina langu Arusha. Hakunifokea, aliniambia tu nikaoshe chupa.

Nimetengeneza miyeyusho mipya, nikaipima saa ileile, na hapo nina jambo la kukuambia ambalo halitanipeleka Arusha. Katika maji ya chumvi amini inachukua nafasi kubwa zaidi kidogo kuliko katika maji matupu. Ni kama vitabu vilivyosema siku zote. Lakini nilikuwa sijawahi kukaa nikafikiria kwa nini. Ioni ya chumvi imeyakumbatia maji yake, imeyakaza. Amini nayo ina maji yake imeyashikilia. Zikikaribiana, kila moja inalegeza mkono, na maji yaliyokuwa yamekazwa yanaachiwa, yanarudi kwa wenzao na kutanuka. Ile nafasi inayoongezeka sehemu kubwa ni ya maji yaliyoachiwa huru. Nimeiona kwenye mashine, tone baada ya tone, na nywele zimenisimama mikononi. Jambo hili linatokea kwenye kila chungu cha mchuzi wa samaki katika mji huu na hakuna anayelijua.

Basi. Sitaki utoke kwa ajili ya kizibo kibovu. Fanya unavyoona. Ukija nitakupokea, usipokuja nitajua nilikaribia kukukosesha nini, na kwamba umeninusuru na kosa hilo.

Nisamehe.

Odeta


Monasteri, Kagera
29 Juni 2025

Odeta,

Barua yako ilifika juzi, siku yenyewe ya sikukuu. Nilikuwa nimevaa lile gauni la buluu, najaribu kulipunguza kiunoni. Niliisoma nimekaa, kama ulivyosema, na nilipomaliza nilicheka. Nilicheka mpaka mlezi akafungua mlango, maana humu mtu hacheki namna ile. Nikamwonyesha. Yeye alipofika kwa Mihayo na droo naye akashindwa kujizuia.

Kicheko kilipokwisha nikaona kilichobaki. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya chupa inayovuja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikaenda kwa Mama Mkuu na sindano bado iko kwenye gauni, nikamwambia kwamba ile hakika niliyomwambia haipo tena, namba imekufa. Akaniuliza:

"Namba ilikuwa ya uongo. Na magoti yako je?"

Aliniruhusu niende kanisani nisitoke mpaka nipate jibu.

Nilikwenda na barua yako. Nikaisoma tena ile sehemu ya mwisho, habari ya maji yanayoachiwa huru, habari ambayo kila kitabu kinayo na haina mgeni hata mmoja wa kuishangilia Arusha. Odeta, nilitetemeka vilevile. Nilitetemeka zaidi. Kisha nikafungua kinywa niseme zaburi ya jioni, nayo ikatoka ikiwa hai. Hapo nikaelewa nilivyojidanganya. Barua yako ya kwanza iliponiangusha pale stoo, sala ilikuwa imenirudia, na mimi nikadhani ni kemia inaniita nitoke. Haikuwa inaniita kokote. Ilikuwa imenifuata humuhumu ndani, kwenye magunia.

Kwa hiyo ninabaki. Nimelia kukuandikia neno hilo, maana nilikuwa nimeshaanza kukiwaza kile kitanda cha mninga, na wewe ukikoroma upande wa pili.

Hujanikosea kiasi unachodhani. Siku chache ulinificha, ndiyo. Lakini uongo ule ulikuwa unakuletea kile ulichokitaka kuliko chochote, ulikuwa umeshakishika, na ukakiachia kwa mkono wako mwenyewe. Mimi sijui kama ningeweza.

Nina ombi, na ni kubwa. Nadhiri zangu ni tarehe 8 Septemba. Desturi ya nyumba hii ni kwamba anayeweka nadhiri hushikwa mkono na mtu wa kwao tangu mlango wa kanisa hadi mbele ya altare, na hapo padri humuuliza mtu huyo, kwa sauti, watu wote wanasikia, kama anamtoa kwa hiari. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Baba, mzee Ishengoma, alikataa hata kunisindikiza hadi getini siku niliyoingia, na nilipomwandikia mwaka huu akanijibu kwamba hana binti wa kugawa. Nilimuuliza Mama Mkuu kama mtu wa AIC anaruhusiwa. Amesema swali lile halina dhehebu.

Nakuomba wewe. Usikubali ili kuniridhisha. Kama hutaweza kusema ndiyo ikiwa ya kweli, usije, nitatembea peke yangu na sitakulaumu. Mama Mkuu ameniruhusu kupokea jibu lako likifika.

Justa


Kirumba, Mwanza
6 Julai 2025

Justa,

Barua yako niliisoma nikaikunja nikaitupa kwenye ndoo ya taka za maabara. Nikaiokota. Nikaitupa tena. Mihayo akaniuliza kama hiyo nayo ni jaribio, nikamwambia ndiyo.

Nilikuwa na hasira. Nilitegemea, moyoni, kwamba nikikuambia ukweli utakuja kwa sababu nimekuambia ukweli. Nilikuwa nimeshakuandalia na maneno ya kuniambia. Mtu anaweza kuachia kitu huku kidole kimoja bado kimeshika, na sikujua kwamba nacho utakitaka.

Kitanda nimekitandika. Mama atakilalia akija. Kazi inaendelea, amini zenye mkia mrefu sasa, na kila mkia ukiongezeka kiungo kimoja nafasi inaongezeka kwa kiasi kilekile, karibu bila kukosea. Kuna anayepanga haya mambo au hakuna, mimi sijui, lakini siku hizi nikiwasha mashine nasimama kwanza kimya kidogo. Usimwambie mtu.

Nimejaribu kulisema lile jibu. Jana watu walipoondoka nilisimama katikati ya maabara, nikajiuliza swali la padri kwa sauti nzito, nikafungua kinywa. Halikutoka. Leo asubuhi nimejaribu tena, likatoka dogo, la kukwaruza, lakini lilikuwa la kweli. Nimelisikiliza vizuri na sikuona linapovuja.

Nitafika tarehe 7 Septemba. Nitavaa gauni la kitenge ambalo lilikuwa liwe lako ukifika, fundi alishalikata. Nitakushika mkono tangu mlangoni, na wakiniuliza nitasema ndiyo. Ila nakuomba usinitazame wakati nasema, maana hapo nitatakiwa kuuachia mkono wako.

Odeta